Sikio la Ng'ombe wa Mahari

Juzi walikuja vijana wa mifugo kwa mwanangu Maige kuwavalisha ng'ombe hereni. Ni hereni za plastiki, za njano, zenye namba. Mmoja anambana ng'ombe shingo, mwenzake anashika kitu kama koleo, anabana sikio, ng'ombe anaruka, damu kidogo inachuruzika mpaka shavuni, basi, kazi imekwisha, analetwa mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na zizi napepeta mtama. Upepo ukaniletea ile harufu. Damu ya sikio la ng'ombe hainuki kama damu nyingine. Ina samadi ndani yake, ina joto la manyoya, ina kitu kama chuma kilicholala kwenye umande. Ungo ukanitoka mkononi, mtama wote chini, kuku wakajaa.

Mke wa Maige akaniuliza, "Mama, vipi, umeumwa?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, ni macho tu.

Na kweli yalikuwa macho. Ninyi wa rika langu, mliokulia upande huu wa Shinyanga kabla ya hereni, mtanielewa. Siku zile ng'ombe akipita njiani, hakuna mtu aliyemwona ng'ombe mzima. Wanaume macho yao yalikwenda sikioni kwanza, moja kwa moja, kama inzi anavyokwenda kwenye kidonda. Wakishaona sikio ndipo yanapanda kwenye nundu, yanashuka mkiani, mengine yanafuata au hayafuati. Mama yangu yeye alianzia kwenye kiwele, akatoka hapo akamtafuta ndama. Sisi watoto tuliona pembe, kwa sababu pembe ndiyo iliyokuwa inatuhusu. Ng'ombe ni yule yule mmoja, lakini kila mtu ana njia yake ya kumpita, na njia hiyo amechongewa na yale aliyokwisha kuambiwa. Marehemu mume wangu alipokuwa anachekecha mchanga wa almasi kule Maganzo ilikuwa hivyo hivyo. Akipindua chekeche lake chini, macho yake na ya wenzake wote yanaruka katikati ya kile kichungu cha mchanga, maana jiwe zito hukaa katikati. Mimi nilikuwa namwangalia yeye usoni. Usoni ndiko nilikojua kama tutakula nyama.

Masikio yalikatwa kwa kaya. Kaya ya Mzee Mhoja, jirani yetu, ilipasua ncha ya sikio la kushoto katikati, ikafunguka kama mkia wa mbayuwayu. Kwao mama yangu, ng'ambo ya mto, walitoa kipande upande wa chini wa sikio la kulia, utadhani limeng'atwa na panya. Ndama alikatwa akiwa mchanga, na akishakatwa harudiwi tena. Hata akitolewa mahari akahamia kaya nyingine, alikwenda na sikio lake la zamani. Kumkata upya ng'ombe wa mahari ilikuwa mwiko, walisema ni kuikana ndoa yenyewe. Wale watakaozaliwa huko alikokwenda ndio walikatwa alama ya huko. Kwa hiyo ungeweza kukuta ng'ombe ana sikio la huku na ndama wake ana sikio la kule, wanatembea pamoja, mama na mtoto, wala hakuna mwizi hapo. Kila mtu alilijua hilo. Mimi mwenyewe nililijua, na nilikuwa sijang'oka hata meno ya mbele.

Mwaka ule wezi walivamia ng'ombe wa Mzee Mhoja mchana kweupe, mbugani. Aliyekuwa anachunga ni mwanawe, Sayi. Walimchoma mkuki wa tumbo, na alipokuwa tayari yuko chini wakamkata shingo kwa panga, wakaondoka na ng'ombe kuelekea msituni. Nilimwona Sayi analetwa juu ya ngozi, watu wanne wameshika pembe za ngozi, mkono wake mmoja umening'inia unafagia majani. Sayi alikuwa akiniita mchumba. Kila asubuhi akipita na ng'ombe, "Mchumba, umeamkaje, uji umeniwekea?" Na mimi namtupia jiwe. Siku ile alipita pale pale petu na sikuwa na jiwe.

Baada ya maziko wanaume walibadilika. Baba yangu Masanja alikuwa mtu wa pole, mtu wa kucheka na watoto, lakini alianza kulala na rungu. Alinoa shoka, alinoa mundu, akanoa hata majembe yaliyokuwa hayahitaji kunolewa. Jioni walikaa kwa Mzee Mhoja na mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Mzee Mhoja hakulia hadharani. Alisema tu, "Atakayepita na ng'ombe mwenye sikio langu, mimi sitamuuliza jina."

Na Jidayi, aliyekuwa mkubwa wa vijana, akadakia, "Jina la nini, Mzee? Sikio limekwisha kusema."

Sisi watoto tulifundishwa kwetu, jikoni, na bibi yangu Holo, mama yake baba. Bibi Holo alikuwa na ya kusema juu ya kila kitu. "Mwizi wa ng'ombe humjui kwa sura," alituambia. "Sura anaibadilisha. Mwangalie kwapani. Dawa yake iko kwenye kipembe kidogo, anaibana kwapani, ndiyo inayonyamazisha mbwa. Akiiachia ikaanguka, basi, miguu inakufa ganzi pale pale, mnamkamata kama kuku."

"Sasa akitaka kujikuna, bibi?"

"Anajikuna kwa mkono mwingine, we mtoto! Umesikia mwizi ana mkono mmoja?"

Tangu hapo mimi nikawa mkaguzi wa makwapa. Aliyekuja kuomba moto, namwangalia kwapani. Muuza chumvi, kwapani. Katekista alikuja kutusalia, akainua mikono miwili juu kutubariki, mimi nikashusha pumzi, nikajua huyu si mwizi.

Wakati huo mama alikuwa na mapacha, Kulwa na Dotto, na maziwa yake hayakutosha. Kulwa alitangulia kunyonya, Dotto akafika akakuta pakavu. Ng'ombe wetu walikuwa wamekauka maziwa kwa sababu ya jua. Dotto alikuwa amebaki kichwa na tumbo, ngozi ya mapaja imekunjamana kama ya mzee. Mama akatuma neno kwao, ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja mfinyanzi aliyekuwa akipita na vyungu vyake: mwambie baba, mtoto ananifia, kama kuna ng'ombe mwenye maziwa anisaidie. Neno likaenda. Majibu hayakurudi, na kwa kuwa mto ulikuwa mkavu na njia iko wazi, mama kila siku alikuwa akitazama upande ule. Alimngojea mdogo wake, Luhende, ndiye aliyemfuata ziwa.

Mjomba Luhende namkumbuka vizuri kuliko watu wengi niliowaona jana. Alikuwa na pengo la mbele na masikio makubwa ambayo alikuwa anaweza kuyachezesha bila kuyashika. Alinibeba shingoni akilia kama punda mpaka watu wa kaya nyingine wanatoka nje kutafuta punda. Baba alimpenda sana. Wakikaa pamoja ilikuwa kucheka tu. "Shemeji, hayo masikio ungezaliwa ng'ombe ungekatwa alama ngapi?" "Ningekatwa zote, shemeji, nikawa wa kila mtu!"

Siku yenyewe nilikuwa juu ya dungu nawinga ndege kwenye mtama. Jua lilikuwa limesimama. Baba alikuwa shamba la pamba, nyuma yangu. Kutoka upande wa mto nikasikia mwano. Kwa wasioujua, mwano ni lile yowe la vita letu sisi Wasukuma: mmoja analipiga, anayelisikia analipokea, linaruka kilima hadi kilima, na kila mwanamume anayelisikia lazima atoke na silaha. Asiyetoka, siku ya shida yake hakuna atakayetoka. Lilianza jembamba, mara likawa kila mahali, nywele zikanisimama.

Baba alipita chini ya dungu langu anakimbia, rungu mkononi, pamba imemng'ang'ania kwenye shati.

"Kabula, shuka, nenda nyumbani kwa bibi! Usitoke!"

Nikashuka. Nyumbani sikwenda. Nilimfuata nikamwona anazunguka kichuguu kikubwa kilichokuwa njia ya mtoni, na mimi nikajibanza nyuma ya kile kichuguu, nikachungulia.

Vumbi lilikuwa limesimama kama kaya inaungua. Katikati ya vumbi ni migongo ya wanaume. Na sauti. Mnakumbuka wanawake wanavyopura mtama, fimbo zinavyopokezana juu ya ngozi, huyu anainua huyu anashusha? Ni sauti ile ile. Nilidhani kwanza kuna mtama pale. Halafu katikati ya fimbo nikasikia pumzi ya mtu ikitolewa kwa nguvu, hh, hh, kila inaposhuka.

Pembeni alikuwa amesimama ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, na Jidayi amemshika sikio la kushoto. Alikuwa amelitandaza kwenye kiganja chake, ule mpasuo wa mbayuwayu umefunguka, anawaonyesha wanaofika. "Oneni! Oneni wenyewe! La Mzee Mhoja hili au si lake?" Na kila aliyefika akihema alifanya hivyo hivyo. Akaangalia sikio. Akageuka, akaingia kwenye vumbi, akainua alichokuja nacho. Macho yao yalikuwa na safari fupi: sikio, rungu, mwili. Uso haukuwa njiani.

"Kila mtu aguse!" Jidayi alikuwa anapaza sauti. "Aguse kila mtu, asiwepo wa kusema mimi sikuwepo!" Ndivyo ilivyokuwa sheria ya mwano, damu iwe ya wote, isimwangukie mmoja.

Baba alifika. Akaangalia sikio. Akageuka. Migongo ikamfunika.

Mzee Mhoja yeye hakuwa na silaha. Alikuwa anapiga kwa mikono na kwa magoti, na kila ngumi ilikwenda na jina la mwanawe. "Sayi! Sayi! Sayi!" Ilifika mahali sauti ikamkatika, akawa anapiga huku mdomo tu unatamka.

Nikatambaa. Mtoto mdogo hapigiwi hesabu kwenye ghasia, nikapita kwenye miguu ya watu mpaka nikamwona aliyekuwa chini. Alikuwa amepiga magoti, kichwa kimeinama, damu inatoka kinywani kwa nyuzi ndefu nzito zinazogusa vumbi na hazikatiki. Sikio lake moja lilikuwa limechanika likashikilia kwa ngozi. Haya nayajua sasa kwa sababu niliyaona baadaye. Wakati ule sikuyaona. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwapani, na kwapani palikuwa pamebanwa! Mkono wa kulia ameubana ubavuni kwa nguvu zake zote, ameushikilia kwa mkono wa kushoto, hauachii hata akipigwa mgongoni. Moyo ukanidunda kwa furaha, nasema kweli tupu. Bibi Holo alisema kweli. Iko pale. Nikakodoa macho nikingojea kipembe kianguke. Lugembe, mmoja wa vijana wa Jidayi, akampiga kiunoni, akayumba, hakuachia. Machiya, aliyekuwa akituongozea nyimbo kanisani, akampiga teke la kifua, akaanguka kwa ubavu, bado amebana. Nikasema moyoni, mwizi huyu ana dawa kali. Nikaendelea kuangalia pale pale, na mtu ambaye nimekaa shingoni kwake mara nyingi hivyo alikuwa analala chini mbele yangu, umbali wa mkono, na mimi simwoni.

Mama alitokea upande wa kisima. Mtungi kichwani, Dotto mgongoni. Yowe alilisikia kama wengine, lakini maji ilikuwa lazima yafike nyumbani, kwa hiyo alikuwa anapita tu, kwa pembeni, kama wanawake walivyotakiwa kupita. Nikamwona anamtupia jicho yule ng'ombe. Lilikwenda kwenye kiwele. Kilikuwa kimejaa, kimekaza, kinadondosha. Kutoka kwenye kiwele likamtafuta ndama, na ndama alikuwepo, nyuma kidogo, amesimama peke yake analia, hana wa kumshika. Wanaume wale wote walikuwa wamempita. Mama akaangalia sikio la ndama. La kulia. Upande wa chini.

Akasimama.

"Ndama huyu ni wa kwa baba," alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayejiuliza chumvi ameiweka wapi.

Jidayi akamwambia, "Mama Kabula, pita nyumbani. Haya si ya wanawake."

"Jidayi, ndama huyu amekatwa kwa baba yangu. Aliyekuja naye yuko wapi?"

Jidayi akaangalia ndama. Mkono wake ukaliachia lile sikio la ng'ombe. Macho yake yalishuka kule kwenye vumbi, na ya mama yakafuata.

Mtungi sikuuona ukianguka, nilisikia. Mama alipita katikati ya wanaume wale kama anapita kwenye majani, akajitupa juu ya yule mtu, na fimbo ya Lugembe iliyokuwa tayari iko juu ikashuka. Ikampata mama begani, chini kidogo ya kichwa cha Dotto. Dotto akalia. Mtoto ambaye siku nyingi alikuwa hana hata nguvu ya kulia, alilia mpaka fimbo zote zikashuka.

Mama akamgeuza yule mtu, akalala chali. Akachukua ncha ya kanga yake akampangusa damu, jicho, pua, kinywa, kama anavyompangusa mtoto uji. Akapangusa mpaka uso ukatoka.

"Luhende," alisema. "Luhende, mdogo wangu. Ni mimi. Ni Minza."

Baba alikuwa amesimama na rungu lake, mdomo wazi, na pamba bado iko kwenye shati, safari hii ina madoa. Mzee Mhoja alijiburuta mpaka kwa yule ng'ombe. Akamwangalia, lakini sasa alimwangalia wote: pembe, uso, baka, kwato. Akamzunguka. "Huyu si wa juzi," akasema kwa ile sauti iliyokatika. "Huyu nilimtoa mahari nilipomwolea mwanangu mkubwa, akiwa mtamba. Nimemlea kwa mikono yangu." Huko ng'ambo nako wakwe wa Mzee Mhoja walikuwa wamemtoa mahari kwa babu yangu, baba yake mama, akazalia hapo, na babu akamtoa kwa ajili ya Dotto. Ng'ombe alikuwa amezunguka dunia yake akarudi alikozaliwa, na sikio lake. Mzee Mhoja akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. "Niliona sikio," alisema. "Ng'ombe sikumwona."

Walimbeba mjomba juu ya kitanda cha kamba mpaka kwetu. Wale wale waliompiga ndio waliombeba, na njiani walikuwa wanaambizana taratibu, shika vizuri, usimtikise. Nyumbani mama na Bibi Holo walimlaza ndani wakamvua shati kwa kulichana. Nikajipenyeza. Nilitaka kuona. Mama alipouinua mkono ule wa kulia taratibu, kwapani hapakuwa na kitu. Mkono wenyewe ndio uliokuwa umevunjika juu ya kiwiko, mfupa umetoka nje, mweupe, una ncha. Alikuwa ameushikilia usianguke.

"Bibi," niliuliza, "dawa iko wapi?"

Bibi Holo alinizaba kofi ambalo nalisikia mpaka leo shavu likipata baridi. Halafu akanivuta akanifunika kichwa kwa kanga yake, na chini ya kanga nikasikia tumbo lake linatetemeka.

Wanaume walikaa uani, hawakuondoka. Mama alitoka na beseni la maji mekundu, akasimama mbele yao.

"Wewe Jidayi, ulimpiga wapi?"

"Mama Kabula..."

"Nakuuliza ili nijue pa kukanda. Wapi?"

"Kichwani."

"Lugembe?"

"Kiunoni. Na mgongoni."

"Machiya?"

Machiya alilia akashindwa kusema, akaonyesha kifua chake mwenyewe. Maduhu alisema mbavu. Ndaki alisema miguu. Mama aliwapitia mmoja mmoja, akafika kwa baba, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa, mgongo kwenye minyaa.

"Na wewe, Baba Kabula?"

"Mkono," baba akasema.

Mama akatikisa kichwa, kama alivyowatikisia wengine, akamwaga yale maji, akarudi ndani.

Mganga wa zahanati alikuja na baiskeli, akafunga mkono kwa vijiti, akashona kichwa, akabonyeza tumbo la mjomba lililokuwa limekuwa gumu kama ngoma. Akamwita baba nje wakazungumza. Baba hakuturudia na maneno aliyoambiwa. Mama alimkamua yule ng'ombe, Dotto akanywa, akalala bila kulia kwa mara ya kwanza. Nyumba nzima ikawa inasikiliza pumzi mbili tu, ya Dotto na ya mjomba, moja inapanda na nyingine inashuka.

Kesho yake jua likiwa limepanda, mjomba akafumbua jicho moja, la pili lilikuwa limezibwa na uvimbe. Baba ndiye aliyekuwa amekaa naye. Mama alikuwa mlangoni ananyonyesha, na mimi nimekaa miguuni pa mama. Baba alikuwa anaangalia sakafu.

"Ng'ombe amefika?" mjomba aliuliza. Kinywa kilikuwa kimepasuka, maneno yalitoka yamelowa.

"Amefika, shemeji."

"Na ndama?"

"Na ndama."

"Mtoto amekunywa?"

"Amekunywa. Amelala."

Mjomba akafumba jicho, tukadhani amesinzia. Halafu akasema, "Niliwaambia mimi ni shemeji yake Masanja. Niliwaambia mwiteni Masanja aje, Masanja ananijua. Wakasema mwizi ameshapeleleza hata majina."

Baba akajipangusa uso kwa kiganja. "Shemeji," alisema, "mimi nilikuwepo."

"Najua," mjomba akasema. "Nilikuona. Nilikuona toka mbali, unazunguka kile kichuguu, unakuja mbio. Nikasema, haya, nimepona. Masanja huyo."

Baba alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mwingine. Haikuwa kilio. Mjomba akanyoosha mkono wake mzima, akawa anapapasa mkekani, sijui alikuwa anatafuta nini, maji au mkono wa mtu, na baba akausogelea kwa magoti. Akakiinua kichwa cha mjomba akakiweka juu ya mapaja yake. Mama aliendelea kunyonyesha, na machozi yalikuwa yanamdondokea Kulwa usoni, Kulwa anapepesa macho.

Mjomba Luhende alikata roho siku ile ile, jua bado kali, ng'ombe wako machungani. Jicho lile moja lilibaki wazi. Bibi Holo akaanza kutoa watu ndani, kelele za msiba zikaanza uani, na mama akasimama akamwambia baba kwa sauti ya kawaida, "Mfumbe macho, Baba Kabula."

Baba hakufanya hivyo. Alikuwa ameinama juu ya ule uso uliovimba, uliochanika, anaupitia kwa macho taratibu, paji, nyusi, pengo, kile kilichobaki cha masikio.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza nimwangalie."